Kahawa ya Mgeni

Jumapili iliyopita kanisa letu la Nshamba lilifanya sikukuu ya kuwakumbuka wazee walioleta Injili upande huu. Nilitoka Miembeni, ninakoishi sasa, alfajiri kwa basi la kwanza, nimevaa kitenge kipya na viatu vinavyobana, nikakaa benchi la nne. Kijana mmoja mwenye sauti nzuri akasoma historia kutoka kwenye karatasi. Alipofika kwa binti wa mwinjilisti, ambaye sasa ni kizee kama mimi na alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa, akasoma kwamba mama huyu, akiwa bado mtoto wa shule, aliwaleta wengi kwa Bwana, "akiwemo bibi mmoja mpagani aliyekuwa amewashinda watu wote." Kanisa zima likapiga makofi.

Rafiki yangu, bibi yule alikuwa bibi yangu. Na mmoja wa hao watu wote aliowashinda nilikuwa mimi.

Nilidhani wivu ule umekwisha. Nimezaa, nimezika, nimekuwa kiongozi wa akina mama mara mbili, nimewafundisha watoto kwamba wivu ni dhambi. Lakini pale benchini ulinipanda kifuani kama siku ile ile ya kwanza, ukiwa mzima, hauna hata mvi. Basi niliporudi nilichukua daftari. Niliishia darasa la nne, na sijui kama mambo haya yanaandikwa hivi. Nitajitahidi kumtendea haki kila mtu, hata yeye. Hasa yeye.

Siku hizo Mwingereza alikuwa bado anatutawala, ingawa sisi watoto tulimwona Bwana DC mara moja tu, akipita na gari lake, vumbi likatufuata hadi darasani. Baba alikuwa na kazi mjini Bukoba, mama yuko naye, mimi nikaachwa Nshamba nikae na bibi, nimsaidie kuchota maji na kukata nyasi. Nyumba ya bibi ilikuwa msonge, ile nyumba ya duara ya kwetu, imeezekwa tangu kileleni hadi chini. Ndani hapakuwa na sakafu ya kufagia. Tulitandika nyasi, nene na laini, na kila Ijumaa nilikwenda kukata mpya bondeni. Harufu ya nyasi mbichi ikichanganyika na moshi, na ndizi na maharage vinavyotokota chini ya majani ya mgomba, mimi hiyo ndiyo harufu ya dunia. Nyingine zote nimezizoea tu.

Na kulikuwa na kahawa. Si ya kunywa. Bibi alichuma kahawa ingali ya kijani, akaichemsha na majani anayoyajua mwenyewe, akaianika mpaka ikawa nyeusi na ngumu. Aliiweka kwenye kijikapu chenye mfuniko, kidogo kama ngumi ya mtoto, alichokisuka yeye. Hiyo ilikuwa kahawa ya mgeni. Mgeni akishapiga hodi, akakaribishwa, akakaa, alifunguliwa kijikapu akachukua punje chache akatafuna. Kabla hajatafuna humwulizi kitu. Akishatafuna unamwambia, haya, lete habari. Ndipo anasema, nawe unanyamaza mpaka amalize. Mimi sikupewa kahawa ile hata siku moja. Niliingia na kutoka kama kuku. Nani humkaribisha kuku?

Shuleni kwetu misheni kulikuwa na desturi. Kila Jumapili, kabla ya mahubiri, mwalimu alisimama akauliza, "Nani amemleta mgeni leo?" Mtoto aliyemleta mtu ambaye hajawahi kuingia kanisani alisimama pamoja na mtu wake, watu wakapiga makofi, na mtoto akapewa kadi yenye picha ya rangi: Yesu na kondoo, Yesu juu ya maji. Binti wa mwinjilisti alikuwa na kadi kumi na moja. Alizitunza ndani ya bahasha, na ukimwomba alikuonyesha zote bila maringo, jambo ambalo lilinichoma zaidi kuliko kama angeringa. Mimi sikuwa na hata moja.

Lakini nilikuwa na bibi. Bibi hajabatizwa, na yuko nyumbani, sina haja ya kupanda mlima kumtafuta. Nikajiambia huyu ndiye kadi yangu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza. Nilimpenda pia, na nililia kwa kuogopa kwamba atapotea. Vitu hivyo viwili vilikaa pamoja ndani yangu, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Miaka miwili kila jioni nilimhubiria. Yeye anamenya ndizi, mimi nimesimama mbele yake na kitabu, nasoma kwa sauti ya mwalimu. Siku moja nilimsomea habari ya yule mwanamke aliyepoteza shilingi yake moja, akawasha taa, akafagia nyumba.

"Akafagia nini?" bibi akauliza.

"Nyumba, bibi."

"Nyumba ina nyasi, ataifagiaje? Huyo mwanamke hana akili. Nipe kisu kile."

Nikampa kisu. Mahubiri yakaishia hapo. Siku nyingine aliniambia, "Mtoto niliyemfuta kamasi mimi, leo anifundishe kuzaliwa?" Halafu akacheka na kunipa ndizi ya kuchoma. Niliila nikiwa na hasira, lakini niliila.

Kisha mwalimu akaanzisha utaratibu wa kutembelea. Jumapili alasiri tuliokuwa tumekwisha kubatizwa tulitumwa kwenye nyumba za watu kuwaambia Habari Njema, na sharti lilikuwa moja: usiende upande wa kwenu. Mimi nikapewa mtaa wa kule ng'ambo ya kijito, na upande wetu akapewa binti wa mwinjilisti. Hakuomba. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, mwalimu ndiye aliyepanga.

Jumapili ile sikwenda ng'ambo ya kijito. Nilijificha nyuma ya msonge, mahali ambapo ukuta wa nyasi ulikuwa mwembamba, nikasikiliza.

"Hodi, waitu," akasema, kwa lile neno letu la heshima.

"Karibu. Ni nani?"

"Ni mtoto wa mwinjilisti, bibi. Nimekuja kukusalimu."

Nikasikia nyasi zikilia alipopiga magoti. Nikasikia mfuniko wa kijikapu. Halafu kimya kirefu, anatafuna. Kahawa ile ni chungu, na yeye alikuwa na miaka kumi na miwili kama mimi, lakini hakuharakisha.

"Haya," bibi akasema, "huko utokako kuna habari gani?"

Akamsimulia habari ile ile! Ile ile ya mwanamke na shilingi. Nikatabasamu pale nyuma ya ukuta, nikangoja bibi amwambie huyo mwanamke hana akili.

"Basi, bibi, akawasha taa, akaanza kuzikunja nyasi za nyumba. Akazitoa zote nje."

"Zote?"

"Zote, bibi. Mpaka udongo ukaonekana."

"Kwa shilingi moja?"

"Kwa hiyo moja. Akaiona. Akawaita majirani, akawaambia, njooni mfurahi nami."

Bibi akasema polepole, kama anayejisemea, "Mimi nilipopoteza pete ya mama yangu nilizitoa nyasi zote. Watu walinicheka." Kisha akauliza, "Na huyo Mungu wenu, ndivyo anavyotafuta?"

"Ndivyo, bibi."

Nilitambaa nikaenda kwenye migomba nikakaa huko mpaka jioni. Mimi niliisoma kama ilivyoandikwa, sikukosea hata neno moja, nikapewa kisu. Yeye alitia nyasi ambazo hazimo, akapewa bibi. Lakini kwa haki niseme: alisimulia vizuri kuliko mimi. Na alipiga hodi.

Baada ya hapo alikuja kila Jumapili, kahawa na habari, kahawa na habari. Ulipofika mwezi wa tatu wa kuja kwake, bibi akajifunga kanga yake nzuri akaenda kanisani, akaketi kwenye nyasi pamoja na akina mama. Mwalimu akauliza, "Nani amemleta mgeni leo?" Kadi ya kumi na mbili. Jirani yetu Mkatoliki, mama mwenye mdomo mkali na moyo mzuri, alinikuta njiani akaniuliza, "Eti nyumbani kwenu wamekuja kuvua samaki, na wewe mwenye mtumbwi ulikuwa wapi?" Nilimjibu kwamba nilikuwa nachota maji. Akacheka mpaka mzigo wake wa kuni ukayumba.

Bibi akaanza mafundisho ya ubatizo. Ilikuwa abatizwe Pasaka. Alijifunza kwa bidii, anarudia sala huku anapalilia, na akisahau neno alinyamaza akangoja Jumapili amwulize binti wa mwinjilisti. Mimi nilikuwa pale pale, hatua tatu kutoka kwake, nalijua neno. Hakuniuliza.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Kabla ya Pasaka wazee wa kanisa walizunguka kuwachunguza wanaotaka kubatizwa, kama wameacha mambo ya zamani. Mzee mmoja alinikuta kisimani. Alikuwa mtu mpole. Akatua fimbo yake, akaniuliza, "Wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Bibi ameacha kuwawekea kahawa waliokufa?"

Nikasema, "Bado anaweka. Chini ya nguzo ya katikati. Nimeona kwa macho yangu."

Ilikuwa kweli. Niliona. Lakini niliona mara moja, usiku mmoja tu tangu aanze mafundisho, siku baba mdogo alipoletwa anatetemeka kwa homa na bibi hakujua la kufanya. Asubuhi yake aliziokota punje zile akazitupa motoni, nalo hilo niliona. Mzee hakuniuliza mara ngapi, nami sikumwambia. Aliniambia, "Mungu akubariki kwa kusema kweli," nikapanda mlima na mtungi wangu kichwani, mwepesi, kama hauna maji.

Ubatizo wa bibi ukaahirishwa mpaka Krismasi. Walimwambia tu kwamba mtu wa nyumbani amesema. Nyumbani tulikuwa watu wawili na mbuzi.

Hakunigombeza. Alipika, akanipa sehemu yangu, akaniambia nyasi za Ijumaa ile zimekatwa vizuri. Afadhali angenipiga. Binti wa mwinjilisti alilia hadharani pale kanisani, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuona analia. Yule jirani Mkatoliki alipita akasimama mlangoni akasema, "Njoo kwetu, shoga, sisi hatuulizi watoto." Bibi akamjibu, "Nimeshaanza njia hii, nitaimaliza." Jirani akanitazama mimi kidogo, akaenda zake.

Miezi ikapita. Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza na senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wakaanguka, bibi akaugua. Alikohoa mpaka akashindwa kukaa. Kila asubuhi vilima vyote vilijaa kelele za watu wanaokimbiza senene kwenye umande, watoto wanagombania vibuyu, na mimi niko ndani ya msonge nahesabu pumzi za bibi. Leo najua kwamba mtu mgonjwa hubatizwa hata kitandani. Siku zile sikujua. Nilijua kwamba akifa kabla ya Krismasi amepotea, na aliyempoteza ni mimi.

Siku ya sita homa ikapungua. Akaomba uji. Akanywa nusu, akajiegemeza, akanitazama muda mrefu.

"Toka nje," akasema.

Nikadhani ananifukuza. Nikatoka, nikasimama uani penye matope.

"Sasa piga hodi," akasema kutoka ndani.

"Bibi?"

"Piga hodi kama watu."

Nikasema hodi. "Karibu," akasema, kama anayemwambia mtu asiyemjua. Nikaingia, nikapiga magoti kwenye nyasi nilizozikata mimi mwenyewe, na bibi akanyoosha mkono akafungua kile kijikapu. Nikachukua punje tatu. Zilikuwa chungu sana, rafiki yangu, zina harufu ya majani na moshi, na mate yakanijaa mdomoni pamoja na machozi. Nikatafuna. Alingoja.

"Haya, mgeni. Lete habari."

Miaka miwili nilikuwa nimehubiri bila kuulizwa. Sasa nimeulizwa, na kitu pekee nilichokuwa nacho kilikuwa kile.

"Ni mimi niliyemwambia mzee, bibi."

"Hiyo si habari," akasema. "Hiyo naijua. Lete nyingine."

Nikafikiri. Kitabu kilikuwa kwenye mfuko wangu, sikukitoa. Nikamsimulia habari ya baba mwenye wana wawili. Nilisema yule mdogo alichukua urithi wake akaenda mjini, akamaliza vyote kwa pombe na wanawake, akarudi na njaa. Baba akamkimbilia, akachinja ndama, ngoma zikapigwa. Na yule mkubwa akatoka kibanjani, kwenye shamba lao la migomba, jioni na jembe lake, akasikia ngoma migombani, akauliza, akaambiwa, akakataa kuingia. Akasimama nje. Akasema, miaka yote nimekutumikia, na mimi hukunipa hata mwanambuzi. Nilipofika hapo nilishindwa kuendelea, nikalia hata kamasi zikatoka. Bibi hakunifuta. Mgeni hafutwi kamasi. Alingoja nimalize.

"Na yule mkubwa," akauliza, "mwishowe aliingia?"

"Kitabu hakisemi, bibi."

"Hakisemi?"

"Hakisemi kabisa. Baba alimtokea nje akambembeleza, na habari inaishia hapo."

Akafikiri sana. Nje watu walikuwa wanapiga kelele za senene.

"Basi bado yuko mlangoni," akasema. "Mwambie apige hodi." Akafunika kijikapu, akageukia ukutani, akalala.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mzee mpole nikamweleza yaliyobaki: mara moja, usiku wa homa, na asubuhi akazitia motoni. Akasema nimechelewa lakini nimefika. Bibi alibatizwa Krismasi, amevaa shuka jeupe, mwembamba kama fimbo. Mwalimu akauliza, "Nani amemleta?" Binti wa mwinjilisti akasimama. Ndivyo ilivyostahili, yeye ndiye aliyemleta. Nami nikapiga makofi. Niliyahesabu, yasiwe machache kuliko ya wenzangu. Bibi aliishi miaka mingine mitano, na mimi nikaendelea kuingia na kutoka kama kuku.

Basi Jumapili iliyopita, sikukuu ilipokwisha, nilikwenda mbele kumsalimu yule mama. Macho yake hayaoni vizuri tena. Nilipomtajia jina langu alinishika mikono yote miwili.

"Mjukuu wa bibi yule! Unaikumbuka kahawa yake? Ilivyokuwa chungu!"

"Naikumbuka," nikasema. "Mimi nilipewa mara moja."

"Mara moja tu? Mimi kila Jumapili, mwenzangu, kila Jumapili!" Akacheka kwa furaha, bila ubaya hata kidogo, na wivu ukanipanda tena. Nikamsaidia kushuka ngazi. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Aliniambia wao walihamahama na kazi ya baba yake, hata bibi yake mwenyewe hakumjua.

Nilipita kibanjani kwetu kabla ya basi. Msonge haupo. Mjukuu wa baba mdogo amejenga nyumba ya matofali na bati. Mibuni imeng'olewa, migomba imebaki michache yenye majani ya njano. Pale ulipokuwa mlango wa bibi kuna tangi la maji. Nilizunguka nikafika kwenye mlango mpya, na sakafu ni ya saruji, inang'aa, unaweza kuifagia. Nikasema hodi.

Mke wa yule mjukuu akatoka anajipangusa mikono. "Karibu, bibi! Mbona unapiga hodi, si kwenu hapa?"

Akanipa kiti. Akaniletea soda baridi na bilauri safi, akaketi mbele yangu, akatabasamu, akaitazama simu yake. Ni mwanamke mzuri, sina neno la kumlaumu. Nilikunywa polepole mpaka nusu, nikangoja aniambie nilete habari.

Basi likapiga honi barabarani, naye hajauliza. Habari nilikuwa nayo moja.